Kumwandikisha mzee Inua Jamii ukiwa visiwani Lamu: anza na laini ya simu

Nyanya yangu yuko kisiwa cha Pate, ana miaka 74. Tulimwandikisha Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwatumia pesa wasiojiweza, jina likapita, kisha akakaa miezi minne bila kuona hata shilingi. Kilichomzuia ni laini ya simu.

Mpango huu ni wa wazee waliotimiza miaka 70, mayatima na watoto walio katika hali ngumu, na watu wenye ulemavu mkubwa. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na hutumwa kwa simu, wakati mwingine za miezi kadhaa kwa pamoja. Kuandikishwa ni bure. Ukiombwa chochote, usitoe.

Usajili haufunguliwi kila siku, basi muulize chifu au naibu wake mara kwa mara. Ukifunguliwa, peleka kipande (kitambulisho) cha mzee na nakala yake, kipande cha mlezi atakayemsaidia, na namba ya simu. Mwenye ulemavu awe ameshasajiliwa na baraza la kitaifa linalowahusu. Kwa mzee hutazamwa mwaka ulioandikwa kwenye kipande, si ule mnaoukumbuka nyumbani. Mwaka huo ukiwa na makosa, anzeni kuurekebisha sasa, kabla ya usajili kufika.

Sasa laini. Wazee wetu wengi hushika simu waliyopewa na mjukuu, na laini imesajiliwa kwa kipande cha mjukuu huyo. Ya nyanya ilikuwa kwa jina la kaka yangu aliyeko Mombasa, nasi tukaiandika kwenye fomu bila kufikiri. Mahali pa kwanza nilipouliza niliambiwa ningoje tu. Nikangoja, na nyanya akawa anakopa unga dukani. Hilo bado linaniuma. Kumbe jina la laini na jina la kipande havikulingana.

Kwa hivyo kabla ya kwenda kwa chifu, bonyeza *106# kwenye simu ya mzee uone laini imesajiliwa kwa nani. Kama si jina lake, msajilieni laini mpya kwa kipande chake. Lazima aende mwenyewe. Mimi nilikwenda Amu, yaani mji wa Lamu, peke yangu na kipande chake mfukoni, wakala akanirudisha, nauli ikapotea. Mara ya pili tulikwenda naye. Kutoka Mtangawanda, gati la huku Pate, hatukuondoka tulipotaka, maana maji yalikuwa yamekupwa. Tulingoja maji yajae hadi adhuhuri, naye magoti yanamuuma, tukamshusha gatini kwa kumshika huku na huku. Ukiweza, ulizia kwanza kama kuna wakala anayesajili laini karibu nanyi, umwepushie mzee bahari.

Laini mpya haitoshi. Namba iliyoko kwenye mfumo ni ile ya zamani hadi ibadilishwe. Sisi wa Lamu Mashariki huenda Faza, kwa afisa anayeshughulikia Inua Jamii katika kaunti ndogo. Mwulize hivi: "Namba iliyoandikwa kwa jina la mzee wangu ni ipi?" Msiondoke kabla hajaisoma namba yote mkaisikia.

Namba ya siri ya kutolea pesa aichague mzee mwenyewe, na mlezi awe mtu ambaye mzee amemtaja kwa kinywa chake.

Ujumbe wa kwanza ulipoingia, nyanya alinipa simu nimsomee. Nikamsomea, akaniambia nirudie.