Ukipata mpingo, anza na ncha
Kipande cha mpingo ukikitia majini kinazama. Mita moja ya ujazo ina takriban kilo 1,200, hata mti ukiwa umekauka. Msongamano huo ndio unaosumbua wakati wa kukausha: maji hutoka upesi kwenye ncha kuliko ubavuni, ncha zinapasuka, na ufa unaendelea kuingia ndani. Kwa hiyo gogo likishakatwa tu, paka ncha zote mbili nta iliyoyeyushwa au rangi nzito, kisha uliweke kivulini pasipo upepo mkali. Vuta subira, vipande vinene huchukua miaka.

Gundi nayo ina kisa chake. Mpingo una mafuta, hivyo futa uso kwa kitambaa chenye asetoni na uunganishe papo hapo. Skrubu bila kutoboa tundu kwanza? Itakatika kichwa. Ila kwenye mashine ya kukereza mti huu ni raha tupu! Unashika hesi (mikato ya mzunguko kama ya skrubu) karibu kama chuma, ndiyo maana watengenezaji wa klarineti, ala ya muziki ya kupuliza, hawauachi. Mabaki madogo yanafaa kwa mipini ya visu. Na barakoa usiivue, vumbi lake linawasha.