Darasa la leseni ya nyumba Texas: usikose masaa!

Wale mnaosomea leseni ya udalali wa nyumba Texas, shikeni hili: kozi ni sita, kila moja masaa 30, jumla 180. Kama ni darasa la ana kwa ana ukikosa kipindi, kukifidia kwa kipindi kingine kunaruhusiwa tu kama umehudhuria angalau theluthi mbili ya kozi, yaani masaa 20, ukiwa na 19 wanakutoa na unaanza upya, kwa hiyo kabla hujalipa pangeni kabisa na bosi wako zile shifti, jamani hela inauma!

Mtihani wa mwisho wa kozi unataka 70%. Ukifeli unarudia mara moja tu, ndani ya siku 90.

Ule wa serikali ukifeli mara tatu, unarudi darasani.