Kuchuja rekodi kwa tarehe na kwa saa za kila siku

Tuchukue mfano wa ofisi ya mizani ya malori mjini Lubumbashi, ambayo kwa kila lori la shaba linaloelekea Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, huandika uzito wake na wakati lilipopimwa. Rekodi hizo zimo katika jedwali `mizani`, na wakati wa kupima umo katika safuwima `wakati`. Msimamizi anapoomba orodha ya zamu ya mchana, yaani 06:00 hadi 18:00, kuanzia Jumatatu tarehe 3 hadi Ijumaa tarehe 7 Machi 2025, anataka mambo mawili kwa pamoja: siku tano, na ndani ya kila siku, saa zile kumi na mbili tu. Katika SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, kosa la kawaida ni kuyafanya mambo hayo mawili kuwa sharti moja:

```sql
SELECT * FROM mizani
WHERE wakati BETWEEN '2025-03-03 06:00' AND '2025-03-07 18:00';
```

Swali hili litaleta pia malori yote yaliyopimwa katika usiku nne zilizo katikati, kwa sababu hifadhidata inaona muda mmoja mrefu usiokatika. Tarehe na saa lazima ziwekewe masharti tofauti. Kwa PostgreSQL, mmoja wa mifumo ya hifadhidata, tutaandika hivi (`::time` hubakiza saa tu na kuacha tarehe):

```sql
SELECT * FROM mizani
WHERE wakati >= '2025-03-03' AND wakati < '2025-03-08'
  AND wakati::time >= '06:00' AND wakati::time < '18:00';
```

Katika MySQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, mahali pa `wakati::time` huwekwa `TIME(wakati)`, mengine hayabadiliki.

Nimeiacha BETWEEN kwa makusudi. Inajumuisha ncha zote mbili, hivyo lori lililopimwa saa 18:00:00 kamili litahesabiwa katika zamu ya mchana na tena katika zamu ya usiku. Wengine hukwepa tatizo hilo kwa kuandika 17:59:59, lakini safuwima inayohifadhi sehemu za sekunde itapoteza lori la 17:59:59.4 bila kutoa onyo lolote. Ni afadhali mwanzo uwe ndani ya kipimo na mwisho uwe nje yake.

Zamu ya usiku, 18:00 hadi 06:00, ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Hakuna saa iliyo kubwa kuliko 18:00 na papo hapo ndogo kuliko 06:00, kwa hiyo AND italeta orodha tupu. Inatakiwa OR, nayo ifungwe kwa mabano, kwa kuwa AND hutangulia OR katika kusomwa. Hata hivyo mabano peke yake hayatoshi. Tukibakiza mipaka ya tarehe ya swali lililotangulia, alfajiri ya tarehe 3 itaingia ingawa ni mkia wa zamu ya tarehe 2, na alfajiri ya tarehe 8 itaachwa ingawa ni ya waliokuja kazini Ijumaa jioni. Mipaka ifuate zamu yenyewe:

```sql
SELECT (wakati - interval '6 hours')::date AS tarehe_ya_zamu,
       count(*) AS malori
FROM mizani
WHERE wakati >= '2025-03-03 18:00' AND wakati < '2025-03-08 06:00'
  AND (wakati::time >= '18:00' OR wakati::time < '06:00')
GROUP BY 1
ORDER BY 1;
```

Kuondoa saa sita kunairudisha kila rekodi ya alfajiri kwenye tarehe ambayo zamu ilianza.

Hapa kwetu kuna jambo jingine ambalo vitabu vingi havilitaji: Kongo ina kanda mbili za saa. Lubumbashi, kama Goma na Bukavu, iko saa mbili mbele ya UTC (saa ya marejeo ya dunia), na Kinshasa iko saa moja tu. Ikiwa safuwima ni ya aina ya `timestamptz`, yaani wakati unaoonyeshwa kwa kanda ya saa iliyowekwa, na seva ya ofisi kuu imewekewa saa za Kinshasa, lori lililopimwa Lubumbashi saa 18:20 litasomeka 17:20 na kuhamia zamu ya mchana. Basi kila palipoandikwa `wakati::time` paandikwe:

```sql
(wakati AT TIME ZONE 'Africa/Lubumbashi')::time
```

Vivyo hivyo katika hesabu ya `tarehe_ya_zamu`, na mipaka iandikwe pamoja na kanda yake, kama `'2025-03-03 18:00+02'`. Saa za nchi hii hazibadilishwi kwa majira ya mwaka, kwa hiyo +02 hufaa miezi yote. Anayetumia CONVERT_TZ, kitendakazi cha MySQL cha kubadili kanda ya saa, pamoja na majina ya kanda ahakikishe kwanza kwamba majedwali ya kanda za saa yamepakiwa, la sivyo atapata NULL (thamani tupu) kila mahali.

Kuhusu kasi, sharti la tarehe liachwe juu ya safuwima tupu, bila kuigeuza kwa `::date`, ili faharasa ya `wakati`, yaani orodha inayoisaidia hifadhidata kupata rekodi haraka, iweze kutumika. Sharti la saa litachuja tu rekodi chache zilizobaki. Kabla ya kumkabidhi msimamizi orodha, weka katika jedwali la majaribio rekodi za 05:59:59, 06:00:00, 17:59:59 na 18:00:00, kwa siku ya kwanza na kwa siku inayofuata ile ya mwisho, kisha uangalie kila moja imeangukia zamu ipi.