Jinsi ya kujua jengo la benki la zamani mjini kwenu lilikuwa la nani

Usikimbilie gugo kwanza, nenda kalitazame asubuhi jua likipiga kwa ubavu, hapo ndo utaona makovu ya herufi zilizobanduliwa juu ya mlango chini ya rangi tatu nne. Kama uko Tanzania na jengo ni la kabla ya 1967 basi huenda lilikuwa la Barclays, Standard au Grindlays, maana Februari mwaka ule Azimio la Arusha likapita, benki za kigeni zikataifishwa ikazaliwa NBC, yaani Benki ya Taifa ya Biashara, halafu 1997 NBC nayo ikagawanywa ndo tukapata NMB. Wazee waulize majina sio miaka, miaka wanachanganya mno. Ukibahatika kuingia ndani cheki mlango wa chuma wa chumba cha hela, kibao cha mtengenezaji mara nyingi kipo bado, kimepakwa rangi tu.