Somo: Kuandaa Karamu ya Usiku wa Halloween kwa Watu Wazima, Hatua kwa Hatua

Watu wazima wanapoalikwa kwenye karamu ya Halloween, usiku wa tarehe 31 Oktoba, mara nyingi hukuta mapambo yale yale yaliyokusudiwa watoto: mifupa ya plastiki, utando wa pamba ukutani na vikombe vya rangi ya chungwa. Kwa maoni yangu haiba ya usiku huu imo katika giza lililopangwa vizuri, na mwenyeji anayelitawala giza hilo hahitaji mapambo mengi. Somo hili linahusu karamu ya watu wanane wanaoketi meza moja, kwa kuwa wakizidi hapo mazungumzo hugawanyika.

Hatua ya kwanza: mwaliko. Utume wiki tatu kabla, ukitaja saa ya kuketi mezani na mavazi yanayotakiwa. Mimi hupendekeza nguo nyeusi pamoja na barakoa inayofunika macho peke yake, ili mgeni aweze kula na kuzungumza bila taabu. Katika mwaliko huo huo, uliza ni vyakula na vinywaji gani ambavyo mgeni hatumii kwa sababu za afya au za imani.

Hatua ya pili: mwanga. Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko kwingine kote. Zima taa zote za darini, kisha panga mishumaa mirefu ambayo ndimi zake zinasimama juu ya macho ya aliyeketi, pamoja na mifupi inayowaka chini ya kidevu chake. Mwali ulio sawa na macho humkera mgeni na kumficha anayemkabili. Mishumaa yote iwe isiyo na manukato, kwa sababu harufu ya waridi au vanila huharibu ladha ya kila kinacholetwa mezani. Kitambaa cheusi cha meza kinapendeza, lakini humeza mwanga, hivyo kiwekewe sahani nyeupe na bilauri zinazong'aa, na kama una kioo kikubwa kiegemeze ukutani nyuma ya mishumaa ili idadi ya miali ionekane maradufu. Usiku mmoja kabla ya karamu, washa yote na uketi katika kila kiti kwa zamu. Utagundua kasoro ambazo huzioni ukiwa umesimama. Ngazi na njia ya kwenda msalani zibaki na mwanga wa kutosha.

Boga lililochongwa liwe moja tu, nalo likae mlangoni. Desturi ya kuchonga taa za namna hii ilitoka Ayalandi na Uskoti, ambako watu walichonga tanipu, mboga ya mzizi iliyo mviringo; wahamiaji waliofika Marekani walikuta maboga, ambayo ni makubwa zaidi na rahisi kuchonga. Lichonge siku moja kabla, kwani nyama yake ikishakatwa hunyauka na kuota ukungu upesi.

Hatua ya tatu: chakula. Acha kabisa soseji zilizokatwa kama vidole na mayai yaliyochorwa kama macho. Rangi za chakula chenyewe zinatosha. Anza na supu ya boga: lioke katika oveni kwa nyuzijoto 200 kwa muda wa dakika 45 hivi, mpaka kingo zianze kuwa nyeusi, kisha lisage pamoja na mchuzi wa mboga na kungumanga kidogo. Mlo mkuu unaweza kuwa tambi zilizotiwa wino wa ngisi, ambazo huwa nyeusi tititi na zina ladha ya bahari, au nyama ya ng'ombe iliyotokoswa kwa saa tatu ndani ya divai nyekundu. Nyama hiyo ipikwe siku moja kabla, kwa sababu ikilala ladha yake hukolea, nawe unabaki huru kukaa na wageni.

Baada ya kitindamlo, kata mkate wa matunda makavu uitwao barmbrack, ambao Waayalandi huuoka kwa ajili ya usiku huu na kuficha pete ndani yake. Aliyeipata iliaminika kuwa angeoa au kuolewa katika mwaka unaofuata. Watangazie wageni wote habari ya pete kabla hawajauma.

Hatua ya nne: hadithi. Katika zama za Edo, yaani karne ya 17 hadi ya 19, Wajapani walikusanyika usiku na kusimulia hadithi 100 za mizimu, wakizima taa moja baada ya kila hadithi, na inasemekana wengi waliishia ya 99 kwa kuhofia kitakachotokea gizani. Nanyi mnaweza kuwasha mishumaa minane kwa hadithi nane, kila msimulizi akizima wake.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, naomba kujua kama naweza kutia barafu kavu katika bilauri ili kinywaji kitoe moshi.

Jibu: Usifanye hivyo, ndugu yangu. Barafu kavu ni kaboni dayoksaidi iliyogandishwa, yenye baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, na kipande kikimezwa huunguza koo na tumbo. Iweke katika chombo cha pembeni kisichofunikwa, uishike kwa glavu nene, na dirisha liwe wazi.

Swali: Je, mkaa wa unga unaouzwa kama dawa unafaa kutia mkate rangi nyeusi?

Jibu: Siupendekezi, kwa sababu hunasa dawa tumboni na kuzizuia zisifanye kazi, nawe hujui nani mezani ametoka kumeza kidonge. Tumia wino wa ngisi au ufuta mweusi.

Swali: Rafiki yangu amefiwa na mama yake miezi miwili iliyopita. Nimwalike au nimwache?

Jibu: Mpigie simu, dada, umweleze waziwazi kwamba kutakuwa na hadithi za mizimu, kisha umwachie uamuzi. Akikubali kuja, waombe wasimulizi wasiguse vifo vya wazazi, naye umpe kiti kilicho karibu na mlango, ili akitaka kutoka asilazimike kupita mbele ya mtu yeyote.