Pasheni Inayochanua Bila Kuzaa: Tatizo Si Mbolea

Wakazi wengi wa Goba, Kibamba, Chanika na Kigamboni jijini Dar es Salaam wanaopandisha pasheni kwenye uzio au kichanja nyuma ya nyumba huleta lalamiko lile lile: mmea umenawiri, maua yanachanua kila siku, lakini yote yanaanguka. Kabla ya kuomba ushauri huwa wamekwisha kumwaga urea na kunyunyizia dawa ya wadudu, na baadhi wamekwisha kuukata mmea wenye afya kamili. Gharama zote hizo hupotea bure, kwa kuwa mara nyingi chanzo ni kupanda mmea mmoja peke yake.

Pasheni inayostahimili joto la Pwani ni ile ya njano, na ua lake halirutubishwi kwa chavua (unga wa uzazi wa ua) yake lenyewe wala kwa chavua ya ua jingine la mmea huo huo. Pasheni ya zambarau, inayopenda ubaridi wa nyanda za juu kama Lushoto na Rungwe, hujirutubisha yenyewe. Kwa hiyo ndugu wa huko anayekwambia kwamba mche mmoja unatosha anasema kweli kwa pasheni yake, si kwa yako.

Kosa hili huwapata hata wenye miche mingi. Mtu huomba vipandikizi sita kwa jirani, vyote vikiwa vimekatwa kwenye shina moja, kisha akaamini kwamba ana mimea sita, ilhali kwa upande wa uzazi huo bado ni mmea mmoja uliogawanywa, na hauwezi kujizalisha. Mbegu za tunda moja nazo si za kutegemea, kwa sababu miche yake ni ndugu na baadhi hukataa chavua ya wenzao. Chukua mbegu za matunda yaliyotoka mashamba tofauti, panda walau miche mitatu kwa nafasi ya mita 3 hadi 5, na uache matawi yakutane juu ya kichanja.

Mbebaji mkuu wa chavua ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao kavu. Nyuki wa asali ni mdogo mno kwa ua hili. Huchukua chavua akaondoka bila kugusa panapotakiwa. Kwa hiyo usizibe matundu ya nyuki mweusi, bali mwachie gogo kavu karibu na kichanja, na tafadhali acheni kabisa kunyunyizia dawa mchana maua yakiwa wazi. Ikiwa hapana budi, nyunyizia baada ya giza kuingia.

Pale nyuki hao walipoadimika, chavusha kwa mkono, na hapa saa ndiyo kila kitu. Ua la pasheni ya njano hufunguka kuanzia saa sita mchana hivi, hufunga usiku wa siku hiyo hiyo na halifunguki tena. Anayeingia bustanini saa kumi na mbili asubuhi na brashi mkononi anapoteza muda, na inasikitisha kwamba kosa hili hurudiwa kila msimu. Vilevile usiliguse ua lililofunguka sasa hivi. Katikati yake utaona vijiti vitatu vilivyosimama, ambavyo vichwa vyake hupokea chavua, na chini yake vifuko vitano vyenye unga wa njano. Subiri kama saa moja mpaka vijiti viiname na kushuka karibu na vifuko. Muda mzuri ni saa nane hadi saa kumi alasiri. Ua ambalo vijiti vyake vimebaki wima liache, kwani halitazaa.

Chuma kifuko cha mmea mwingine, ukipake kwenye vichwa vyote vitatu mpaka vionekane vya njano. Kila mbegu hutokana na chembe yake ya chavua, na kila mbegu huzungukwa na juisi yake. Ukipaka kwa ubahili utapata tunda zuri kwa nje, lakini jepesi na lenye uwazi ndani. Chavua ikilowa hupasuka, kwa hiyo usimwagilie juu ya maua, na siku za masika chagua mchana ambao ua litabaki kavu kwa saa mbili hivi baada ya kupakwa.

Ua lililoshika huonyesha kitunda cha kijani baada ya siku chache, nalo tunda huiva baada ya siku 60 hadi 90 hivi.

Mmea usiotoa maua kabisa una tatizo jingine, aghalabu kivuli cha mwembe au urea iliyozidi.

Mwenye mmea mmoja uliokwisha kukomaa asiukate. Apande sasa mche wa asili nyingine pembeni yake, na wakati akiungojea aombe maua kwa mtu mwenye pasheni isiyotokana na shina lake: yachumwe yakiwa yamefunguka, yawekwe kwenye kopo kavu lenye mfuniko, yasiachwe juani, na yatumike alasiri hiyo hiyo.