Somo: Kidonge chenye parasetamoli na kodeini au tramadoli, namna ya kukitumia nyumbani kwa usalama

Habari zenu wanakikundi. Somo hili ni la mtu aliyetoka hospitali na mshono, aliyefungwa hogo baada ya ajali ya bodaboda, au mwenye seli mundu ambaye maumivu yamezidi nguvu ya Panadol, na sasa kapewa kidonge chenye dawa mbili ndani yake: parasetamoli pamoja na kodeini, au parasetamoli pamoja na tramadoli. Nafanya kazi dirisha la dawa hapa Tabora mjini. Ninayemlenga hasa ni yule anayemuuguza, kwa sababu mgonjwa mwenye maumivu na usingizi hawezi kujihesabia vidonge.

Kodeini na tramadoli ziko kundi moja na mofini. Hizo zinaongeza ile nafuu unayoisikia, na ndizo zinazoleta usingizi. Parasetamoli iliyomo humo humo nayo inatuliza maumivu, ila ikizidi huisikii. Sasa maumivu yakirudi, mtu anaongeza kidonge akiitafuta ile nafuu, na kila anachoongeza kinaongeza mzigo wa parasetamoli kwenye ini. Anatafuta hiki, anaumizwa na kile. Hatua nyingi hapa chini zinatokana na jambo hilo moja.

Hatua ya 1: Soma kilichomo, usiishie kwenye jina la biashara

Makasha yana majina mengi na rangi nyingi. Geuza upande wenye maandishi madogo utafute miligramu. Mchanganyiko wa kodeini mara nyingi una kodeini mg 8, 15 au 30 pamoja na parasetamoli mg 500. Wa tramadoli mara nyingi una tramadoli mg 37.5 na parasetamoli mg 325. Kama ndugu amekutumia dawa kutoka Marekani, parasetamoli huko inaandikwa acetaminophen, au inafupishwa APAP. Ni dawa ile ile.

Ukipewa vidonge vilivyokatwa na kutiwa kwenye bahasha, mwombe anayekuhudumia aandike juu yake jina la dawa na miligramu zote mbili. Ni haki yako. Bahasha iliyoandikwa "maumivu 2×3" (yaani vidonge viwili mara tatu kwa siku) peke yake haitoshi, maana siku ukiipeleka kituo kingine hakuna atakayejua umemeza nini.

Hatua ya 2: Jumlisha parasetamoli yote ya siku nzima

Mtu mzima mwenye afya na uzito wa kilo 50 au zaidi asizidishe mg 4,000 za parasetamoli ndani ya masaa 24, kutoka dawa zote alizomeza. Vidonge vya mg 500 ni 8, basi. Aliye chini ya kilo 50, mwenye ugonjwa wa ini, aliyedhoofika kwa kutokula, na mnywaji wa kila siku, kipimo chao kiko chini ya hapo. Hao wapangiwe na daktari.

Sasa tufanye hesabu ya kweli, ya huku kwetu. Kijana kavunjika mguu, kaandikiwa kodeini na parasetamoli 2×3. Parasetamoli yake kwa siku ni mg 3,000. Yuko salama. Siku ya nne homa inapanda, anapelekwa zahanati, anapimwa, malaria ipo. Anapewa ALu, na kwa ajili ya homa anapewa parasetamoli 2×3. Hiyo ni mg 3,000 nyingine. Nyumbani anameza zote kwa uaminifu kama alivyoelekezwa, na jumla ni mg 6,000 kwa siku. Hakuna aliyekosea kwa makusudi. Hospitali hawakujua habari za malaria, zahanati hawakujua habari za mguu. Aliyejua yote mawili ni mwuguzaji wa nyumbani, na hapo ndipo anapotakiwa kusema: "Dokta, tayari anatumia hii," huku anaonyesha kasha. Mkoa wetu una malaria nyingi, kwa hiyo jambo hili linatokea kwa urahisi sana.

Parasetamoli imo pia kwenye dawa nyingi za mafua, kwenye Panadol Extra, na kwenye vile vidonge vya diklofenaki vilivyochanganywa na parasetamoli ambavyo watu wanavinunua kwa ajili ya mgongo.

Hatua ya 3: Panga saa, na uandike

1×3 maana yake ni kila baada ya masaa nane, wala si asubuhi, mchana na jioni yoyote ile. Panga hivi: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Ikiandikwa mara nne, ni kila baada ya masaa sita: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Kodeini yenye parasetamoli isimezwe tena kabla ya masaa manne kupita, na ya tramadoli kabla ya masaa sita. Ukisahau dozi, meza ukikumbuka, ila kama saa ya inayofuata imekaribia, iache iliyopita. Usifidie kwa kumeza mbili kwa mpigo.

Chukua daftari la mtoto la shule, chora mistari, andika tarehe, saa, idadi, na nani aliyempa. Hilo la "nani" ni muhimu kuliko linavyoonekana. Kwenye nyumba zetu shangazi anampa saa 2 usiku, mama anarudi kutoka sokoni saa 3 anampa tena, kila mmoja kwa upendo.

Hatua ya 4: Yaseme haya kabla ya kidonge cha kwanza

Mwambie daktari au mfamasia kama mgonjwa ana pumu au shida yoyote ya kupumua, kifafa (tramadoli inaweza kuamsha degedege), ugonjwa wa ini au figo, kama aligonga kichwa kwenye ajali hiyo hiyo, kama ni mjamzito au ananyonyesha, na kama anatumia dawa za TB, ARV, au dawa za sonona. Dawa za usingizi kama diazepamu, na zile za mzio zinazolegeza mwili kama Piriton na Phenergan, zikikutana na kodeini au tramadoli zinazidisha usingizi, na kwa diazepamu pumzi inaweza kushuka hadi mtu akafa.

Pombe ni hapana. Bia, gongo, wanzuki, zote. Najua wanzuki wengi wetu tunaihesabu kama asali tu, lakini ini halihesabu hivyo, na pumzi pia.

Hatua ya 5: Uangalie usingizi wake

Hapa naomba msome polepole.

Siku za mwanzo, na kila mara dozi inapoongezwa, mgonjwa asilale chumba cha peke yake. Kusinzia kidogo ni kawaida. Unachotafuta ni usingizi ambao ukimwita hauvunjiki. Ingia, mwite kwa jina, mguse bega. Akifungua macho akakujibu jambo la maana, mwache alale. Akiguna tu na kuzama tena, kaa chini, angalia kifua chake, uhesabu pumzi kwa dakika moja nzima kwa saa ya simu. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Zikiwa chini ya 12, asipewe kidonge kingine na apelekwe hospitali. Zikishuka chini ya 10, au anakoroma kwa sauti nzito yenye vituo virefu ambayo hakuwa nayo, au mboni nyeusi za macho zimekuwa vidoti, au ndani ya midomo na kwenye kucha pamebadilika kuwa rangi ya bluu au kijivu, hiyo ni dharura ya dakika hiyo.

Mfinye kwa nguvu, mwite, mlaze ubavu ili akitapika asipaliwe, tafuta usafiri, na asiachwe peke yake hata dakika moja. Asinyweshwe chochote. Maziwa tuliyozoea kumpa mtu aliyekula sumu hayaondoi dawa hii, na mtu asiyejitambua atapaliwa nayo. Beba kasha na lile daftari. Hospitali wana naloksoni, dawa inayoitengua kodeini, lakini nguvu yake inaisha upesi kuliko kodeini yenyewe, kwa hiyo akizinduka asikimbizwe nyumbani hapo hapo. Atatazamwa kwanza.

Kuna watu ambao ini lao linaigeuza kodeini kuwa mofini haraka na kwa wingi. Hali hii ni ya kuzaliwa nayo, imeonekana kwa wingi kwa Waethiopia, na inapatikana kwa watu wa kila mahali. Mtu wa namna hii anaweza kuzidiwa na kidonge ambacho jirani yake anakimeza bila shida. Kwa hiyo "mimi mbona nilimeza mbili" siyo kipimo cha mgonjwa wako.

Hatua ya 6: Choo

Usisubiri afunge. Tangu siku ya kwanza maji mengi, mapapai, maembe kama ni msimu, matembele. Siku tatu zikipita bila choo, uliza dawa ya kulainisha.

Hatua ya 7: Kuacha, na vinavyobaki

Maumivu yakipungua, rudi kwenye parasetamoli peke yake. Kwa maumivu ya kawaida baada ya jeraha, siku chache zinatosha. Aliyetumia kwa wiki nyingi asikate ghafla, ashushe polepole kwa mpango wa daktari. Vilivyobaki virudishe famasi. Visiwekwe kabatini "kwa ajili ya siku nyingine", na jirani asigawiwe hata akiomba kwa machozi. Mwelekeze hospitali.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Urambo: Mwangaluka dokta. Bibi yetu ana miaka zaidi ya 70, alianguka, amepewa ya tramadoli 2×3. Tangu jana analala tu, chakula hataki, akiamka anaongea vitu visivyoeleweka.

Jibu: Mwangaluka. Msimpe ya leo. Mwamsheni sasa hivi mkahesabu pumzi kama nilivyoeleza. Hata zikiwa sawa, apelekwe leo, kwa sababu mzee figo zake huitoa dawa hii polepole na inajikusanya mwilini, na kuchanganyikiwa huko ni dalili. Pia mwambieni daktari kama alipoanguka aligonga kichwa, maana usingizi unaweza kuwa unatoka huko. Huenda akapunguziwa dozi au akabadilishiwa kabisa. Nipeni majibu yake hapa.

Mwanachama, Kaliua: Mimi nimejifungua kwa upasuaji, nanyonyesha. Mume wangu ana vidonge vya kodeini vilivyobaki alipong'olewa jino. Naweza kumeza kimoja usiku?

Jibu: Hapana dada. Kodeini inapita kwenye maziwa, na mama ambaye mwili wake unaigeuza haraka kuwa mofini anaweza kumdhuru mtoto bila yeye mwenyewe kusikia chochote. Tramadoli nayo haishauriwi kwa anayenyonyesha. Parasetamoli peke yake inaruhusiwa, na ibuprofeni kwa kawaida inaruhusiwa pia kama hospitali haikukukataza kwa sababu nyingine. Mshono ukiuma kuzidi, ukitoa usaha au homa ikipanda, rudi wauangalie.

Mwanachama, Sikonge: Mtoto wa miaka 9 kavunjika mkono. Nikimkatia nusu kidonge cha kodeini?

Jibu: Usimpe. Aliye chini ya miaka 12 hatumii kodeini wala tramadoli, na hata mwenye chini ya miaka 18 hatumii baada ya kukatwa tonsili. Marekani walikamilisha katazo hilo mwaka 2017 kwa sababu watoto walikufa kwa kushindwa kupumua. Mpe parasetamoli ya maji kwa uzito wake, mg 10 hadi 15 kwa kila kilo, isizidi mara nne kwa siku, na upime kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kijiko cha chai cha nyumbani hakiaminiki. Kama bado analia, mkono uangaliwe upya, pengine hogo limembana. Vidole vikivimba, vikiwa baridi au vikifa ganzi, usingoje asubuhi.

Mwanachama, Nzega: Mdogo wangu jana usiku alimeza vidonge 14 vya dawa hii kwa hasira baada ya ugomvi. Alitapika kidogo, leo anasema yuko sawa na hataki kwenda popote.

Jibu: Mpeleke sasa, somo utamalizia njiani. Parasetamoli ikizidi, siku ya kwanza mtu anaweza kujisikia mzima kabisa huku ini linaharibika. Manjano na maumivu ya upande wa kulia vinakuja siku ya pili, ya tatu, na hapo mambo yamekuwa mazito. Dawa yake ipo, inaitwa asetilisisteini, na inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya masaa 8. Lakini hata baada ya hapo ina faida, kwa hiyo usiseme tumechelewa. Waambie saa aliyomeza na idadi. Kama zahanati ya jirani hawana, waulize rufaa mapema, msikae hapo. Na usimgombeze. Mtu aliyemeza dawa kwa hasira anahitaji pia wa kuongea naye, hospitali mwombeni ushauri nasaha.

Mwanachama, Kaliua: Mimi msimu wa tumbaku nilianza tramadoli ili niweze kazi ya bani (banda la kukaushia tumbaku kwa moto) usiku. Sasa ni miezi, nisipomeza natetemeka, jasho, tumbo linaharisha. Naogopa kwenda hospitali nitaonekana teja.

Jibu: Kaka, ahsante kwa kusema. Hayo ni mwili uliozoea dawa, na yanatibika. Usikate ghafla wala usiongeze ili upate nguvu, maana tramadoli nyingi inaleta degedege hata kwa asiye na kifafa, na ukianguka karibu na moto wa bani ni hatari mara mbili. Kama unayotumia ina parasetamoli ndani, ini nalo lipimwe. Nenda hospitali ya wilaya, au uje hapa mjini hospitali ya Kitete, omba kuonana na daktari au mhudumu wa afya ya akili chumbani, si dirishani mbele za watu. Mweleze unameza ngapi kwa siku, idadi ya kweli, kwa sababu mpango wa kushusha unaanzia kwenye idadi hiyo: anapunguza kidogo, anakuangalia siku kadhaa, anapunguza tena. Hadi siku utakayomwona, usizidishe unayomeza sasa, usichanganye na pombe wala diazepamu, na kazi ya bani usiku mwachie mwingine.